Zamu ya Ukaidi

"Huo ukaidi unapatikana wapi, waitu, mwenzangu? Hapa hapa, au mpaka twende Bukoba mjini?"

Hilo aliniuliza jirani yangu Gaudiosa, mkungu wa ndizi kichwani, siku waraka ulipobandikwa. Simlaumu. Waraka ulikuwa mzito. Ofisi ya Utulivu wa Jamii ilikuwa na furaha kubwa kuutangazia umma kwamba kila kitongoji kitawasilisha mkaidi mmoja kwa mwezi, ili aelimishwe. Kitongoji kisicho na mkaidi kitahesabiwa kuwa kinamficha.

Mimi niliona ni busara. Ofisi ya kuzuia ukaidi ikikosa wakaidi itazuia nini? Afisa Utulivu wetu, Bwana Kaijage, alitueleza vizuri mkutanoni. Alisema takwimu zetu zinatia aibu: kaya kumi na mbili, ukaidi sifuri.

"Kumi na mbili na mimi nikiwamo," akaongeza, "maana nimepanga kwa Aroni. Mimi ni mwenzenu."

Tukampigia makofi.

Sasa sisi katika jumuiya yetu kila kitu ni zamu. Kufagia kanisa ni zamu, kupika msibani ni zamu. Tukapanga na hii. Mimi ndiye katibu, nikaichora kwenye daftari kwa rula, Januari hadi Desemba.

Mkaidi hapati taabu sana. Kila Jumatatu anakaa kwenye benchi la ofisi akielimishwa, na kwa siku thelathini hatembelei mtu wala hapokei mgeni.

Watu walijitahidi. Datius aliambiwa akae, akasimama, kisha akaomba radhi. Audax aligoma kunyoosha mkono mkutanoni, mkewe akamnyooshea. Gaudiosa alikatiza kwenye nyasi za ofisi, baada ya kuandika barua ya kuomba ruhusa. Mimi nilimnyima Bwana Kaijage salamu siku tatu. Siku ya pili koo liliniwasha, nikaenda kuungama. Padre alinisikiliza, akakohoa kwa muda mrefu, akanipa Salamu Maria moja tu.

Tulifika Oktoba salama. Novemba ilikuwa ya Elieth, na hapo ndipo palipokwama. Wakwe kutoka Nshambya walipeleka habari kwamba wanaleta mahari tarehe kumi na nne Novemba. Watu thelathini. Mahari ya bintiye ilikwisha kuahirishwa mara mbili, mara moja kwa msiba, mara moja kwa barabara. Wakwe walisema hakuna mara ya tatu.

"Nitawapokelea wapi, mama?" Elieth akaniuliza, macho mekundu. "Niwaambie wageuze, mwenye nyumba ni mkaidi?"

Nikafungua daftari. Wote wamekwisha kutumikia. Kaya moja tu ilibaki, ya Desemba. Inaweza kubadilishana naye.

Tukaenda ofisini asubuhi ileile, Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Bahati nzuri tulimkuta mkaguzi kutoka makao makuu, Bi Siti, akinywa chai na Bwana Kaijage. Nikapiga goti, nikaeleza.

"Desemba ni ya nani?" Bi Siti akauliza.

"Ya Bwana Kaijage, waitu."

Bwana Kaijage akacheka. Akaona hatucheki.

"Mama, mimi ni Afisa. Afisa hawezi kuwa mkaidi."

"Padre naye hufagia zamu yake ikifika, baba. Na ulisema mwenyewe wewe ni mwenzetu. Nimekuandika ukurasa wa kwanza, mstari wa mwisho."

"Nifute!"

"Nimeandika kwa kalamu ya wino, baba."

"Unaombwa mwezi tu," Elieth akasema kwa upole. "Hata si lazima ufanye makubwa. Katiza kwenye nyasi, inatosha."

"Sikubali!" Bwana Kaijage akapiga meza, chai ikamwagika. "Sikai zamu ya mtu! Waraka ule ni wenu ninyi, mimi haunihusu! Na hata ukinihusu, siufuati!"

Niliona haya kwa niaba yake. Bi Siti alikuwa ameshika kalamu, anaandika haraka, uso unamng'aa.

"Miaka mitatu nakagua," akasema, "kila mahali wananiletea watu wanaoomba radhi. Sijapata kumwona mmoja wa kweli mpaka leo. Mama, mwandike. Novemba."

Nikamwandika: saa nne na robo, mbele ya mashahidi, bila kuomba radhi. Nikamgeuzia daftari aweke sahihi, kwa kuwa wenzake wote waliweka.

"Pole, baba," Elieth akamwambia. "Ningekukaribisha tarehe kumi na nne, nilikutengea na kiti cha mbele. Lakini ndiyo hivyo, hutembelei mtu."

Bwana Kaijage akamtazama Bi Siti. Bi Siti akamwonyesha benchi la nje kwa kalamu, maana ilikuwa Jumatatu.

Akaweka sahihi, akachukua kofia yake msumarini, akatoka nje, akakaa kwenye benchi.