Ombi la Mkwe Wangu Mtarajiwa Kutambuliwa kama Chanzo cha Nishati Safi

Jaffar Hudhaifa,
Mpika halua, Kawe.

Ndugu Mkuu wa Dawati la Vivutio vya Nishati,

Asalaam aleikum, na kama salamu hiyo si yako, habari za kazi. Kwetu umeme umekatika tangu asubuhi, lakini halua inapikwa kama kawaida, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Jirani yangu Elibariki, mwenye duka la vinywaji baridi, amefunga sola juu ya bati. Mmempa msamaha wa kodi kwa kuwa anazalisha nishati safi palepale kwenye biashara yake. Sina kijicho. Nami nikaomba. Ofisa wenu Bi Vaileth akaja kukagua, akaniamkia kwa adabu, kisha akauliza mtambo uko wapi. Nikamwonyesha Shomari. Bi Vaileth alicheka mpaka akakaa chini, halua akala, ombi akalikataa. Nimeumia, na malalamiko yangu ni haya:

1. Shomari amemposa binti yangu Arwa. Kwetu mposaji hujipendekeza kwa wakwe, na huyu niliposema tu kwamba bega linaniuma, akashika mwiko. Halua haitaki mzaha: ukiacha kuikoroga kidogo tu, inashika chini. Yeye hukoroga mpaka samli ielee juu. Hana waya, hapigi kelele, hatoi moshi. Moshi alioulalamikia Bi Vaileth ni wa kuni, na kuni ni suala la kupika, si la kukoroga. Tusichanganye mambo.

2. Sola ya Elibariki ikipata wingu inalala. Shomari hukoroga hata masika. Tena Arwa akipita uani na sinia, mwiko unaongeza kasi. Ni paneli gani inayofanya hivyo?

3. Elibariki amesamehewa ushuru wa betri. Shomari naye anachajiwa, kwa chapati, supu na maharage ya nazi. Mbona unga wangu hausamehewi?

4. Hapa ndipo penye uchungu. Wazazi wa Shomari wanataka tarehe ya ndoa. Nimeisogeza kutoka mwezi wa Mfungo Mosi hadi Mfungo Tatu, na sasa nimewaambia tungoje mvua ziishe. Nisifiche: akishaoa atakuwa na nyumba yake, na nani amewahi kuona mume wa mtu akikoroga halua ya mkwe bure? Arwa hasemi nami. Natengewa chakula kimya kimya kama mgeni, na hilo linaniuma kuliko kodi zote. Lakini mnasema mnataka uwekezaji wa muda mrefu, nami ndicho ninachokilinda.

5. Kwa hiyo naomba Shomari asajiliwe kama mtambo na iwe marufuku kumhamisha kutoka eneo la uzalishaji. Ikibidi aoe, Serikali igharamie harusi kama matengenezo. Binti yangu wa pili, Noor, anamaliza chuo kikuu. Kwa msukumo kidogo wa ofisi yako naweza kupanua uzalishaji.

Nisalimie wote hapo ofisini, pamoja na mlinzi wa getini, na Bi Vaileth umwambie sina kinyongo.

Wako mtiifu, mwenye nishati ya kutosha,
Jaffar Hudhaifa

Nyongeza: Mke wangu Mwanakombo ameisoma barua hii kabla sijafunga bahasha. Alijitanda, akaenda kwa wazazi wa Shomari, na ndoa ni Ijumaa hii baada ya sala. Halua ya harusi nimeamriwa niikoroge mwenyewe. Maneno haya ananiandikia Arwa kwa sababu vidole vyangu havishiki kalamu, na anaandika huku anacheka, mtoto huyu. Ndugu Mkuu, yote niliyosema kuhusu kukoroga kwa mkono nayafuta. Naomba fomu kama za Elibariki, na kama kuna mota ya kukorogea halua, ije kabla ya Ijumaa. Hapa nimemaliza sufuria moja tu.