Nani Atalala Kitanda cha Juu

Jumatatu, 1 Desemba

Leo Mungu amenikumbuka! Maureen amepiga simu kutoka Dar. Maureen ni dada yetu mkubwa, anafanya kazi huko hospitalini, na ametuita Krismasi. Tikiti zote juu yake. Watu sita: Mzee (baba yetu), Mama, Magokoro (ndio nyanya yetu, hatumwiti vingine), kaka yangu Haron na bibi yake Bathsheba, halafu mtu mmoja wa kuongoza njia. Huyo mmoja! Hapo ndio kuna vita.

Ni mimi ama Mogaka. Mogaka ni mtoto wa baba mdogo, boma lao linapakana na letu, na ameshafika Dar na basi mara mbili. Hachoki kutukumbusha. Maureen amesema hivi: wakienda na basi, Mogaka aongoze, anajua njia. Wakichukua ile treni ya vitanda ya kutoka Mwanza, Ochoki aongoze, maana huku kwetu Gesima nzima hakuna mtu mwingine anajua mambo ya treni.

Ochoki ni mimi. Sijawahi kupanda treni. Lakini nimetazama vidio kama mia mbili.

Atakayebaki atachuma chai na kukamua ng'ombe mpaka mwaka mpya. Ng'ombe yetu hupiga teke. Jibu linatakiwa wiki ijayo.

Asante Maureen. Asante Mungu. Asante hata yule aliyevumbua reli, popote alipo.

Jumanne, 2 Desemba

Mzee hataki. Amesema hawezi kulala kwa kitu inatembea. Kitanda ni kitu ya kutulia, ndio maana ina miguu na haina magurudumu. Mogaka alikuwa hapo, alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniita "Profesa wa Vidio". Akasema kwa basi mtu anakaa wima kama mtu, halali kama maiti inasafirishwa.

Nina mpango.

Jumatano, 3 Desemba

Mpango: kuonyesha kwa mwili wangu mwenyewe! Pikapu ya jirani yetu Geoffrey hupeleka ndizi soko la Daraja Mbili kila Jumatano asubuhi. Nikaweka godoro langu katikati ya mikungu, nikajifunika blanketi, nikamwambia Geoffrey asinisemeshe. Mzee akasimama kando ya barabara na kikombe chake cha chai, kushuhudia.

Nililala kabla ya kufika mji wa Keroka! Usingizi wa mtoto mchanga! Sayansi imeshinda!

Shida ilikuwa kuamka. Hapo Keroka Geoffrey aliongeza mikungu mingine, akapanga juu yangu, alishasahau kuna mtu. Tulipofika sokoni mama mmoja akavuta mkungu, akapata mguu. Alipiga kelele soko zima likakuja. Wengine wanasema polisi waitwe. Mmoja anauliza kama nimeiva. Huyo mama, anaitwa Phanice, alipoona napumua akawafukuza wote na fagio, akanipa uji na maandazi mawili, akanitafutia pikipiki ya kunirudisha nyumbani. Hakutaka chochote. Akasema tu nimpelekee mamangu pole. Mungu ambariki yule mama.

Godoro limebaki huko. Mtu amelibeba. Jioni Haron ameniletea lake la ziada bila kuuliza swali hata moja. Jameni, mimi nina kaka!

Na Mzee, kusikia ya sokoni, amelegea. Amekubali kwamba mtu anaweza kulala kwa kitu inatembea. Sai swali lake ni kama ataamka.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimesoma sheria zote za treni. Kuna vyumba vya vitanda viwili na vyumba vya vitanda sita. Kwa vile vya sita, wanaume wanawekwa kivyao na wanawake kivyao. Isipokuwa familia ikichukua chumba chote! Sisi ni watu sita! Vitanda sita! Hii hesabu imepangwa mbinguni.

Nimemwandikia Maureen kwamba nataka chumba kizima, tusitawanywe kama watu hawana kwao. Alikuwa kazini, akanijibu na kidole gumba tu. Inatosha.

Nimechora plani nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Na rula! Vitanda vitatu upande huu, kimoja juu ya kingine, na vitatu upande ule. Mzee magoti yanamuuma, huyo chini. Magokoro chini, upande wa pili. Mama juu ya Magokoro. Haron juu ya Mama. Mimi juu kabisa, hapo kwa dari. Bathsheba ni mwepesi, huyo nimemweka katikati, juu ya Mzee, ili kitanda kisibonyee kikamgusa.

Nimefikiria kila kitu.

Jumamosi, 6 Desemba

Sabato. Leo sipangi. Kanisani nimesimama nikatoa shukrani kwa ajili ya safari. Mzee wa kanisa, Omosa, akauliza kama hiyo treni itakuwa njiani siku ya Sabato. Nikamwambia nimeshaangalia, itakuwa imefika.

Kesho nitaangalia.

Jumapili, 7 Desemba

Siku mbaya. Naandika haraka.

Tulikula kuku, wote tukiwa sebuleni kwa Mzee. Mogaka pia alikuja, hakualikwa, alisikia harufu. Nikapigilia plani yangu kwa mlango na misumari miwili, nikashika mwiko wa kuonyeshea. Nikaanza vizuri sana. Hata Mzee aliinama mbele. Nikasema: hapa chini ni Mzee. Na hapa, juu yake, ni Bathsheba.

Bathsheba alikuwa anamimina chai. Aliweka birika chini polepole, akavuta leso mpaka kwa macho, akatoka. Mzee alichukua kofia akasema anaenda kutafuta ng'ombe. Ng'ombe ilikuwa hapo dirishani, inatuangalia. Haron aliniangalia kama mtu amechoma nyumba. Mama ndiye aliongea. "Ochoki! Wewe Ochoki! Bibi ya mtoto wake amlalie juu?"

Ensoni! Nilisahau ensoni! Ile heshima yetu ya kuonana haya! Mkwe na mkwe hawalali chumba kimoja, hata shuka ya mwenzake hawaoni. Mzee hajawahi kuvuka mlango wa nyumba ya Haron tangu ijengwe, husimama nje akakohoa. Mimi mwenyewe tangu nitahiriwe sijalala chini ya paa la Mzee, nina kibanda changu. Halafu nimewapanga watu sita kama mikate ya dukani!

Wale watu wa vidio husafiri peke yao. Hakuna hata mmoja alikuwa na mkwe.

Mogaka akafuta mafuta ya kuku mdomoni akasema kwa sauti ya kanisani kwamba kwa basi kila mtu ana kiti chake. Mama akasema kweli. Basi hivyo. Nimeanza kufikiria teke la ng'ombe.

Jumatatu, 8 Desemba

Asubuhi nimechuma chai peke yangu. Hakuna mtu ananisemesha.

Nikirudi, nimepata mlangoni sahani imefunikwa: mboga ya chinsaga na ugali wa wimbi, bado moto. Bathsheba! Haron ndiye aliileta, akaingia akakaa kwa kiti changu kimoja. Akasema bibi yake bado anaona haya kutoka nje, lakini amemtuma na maneno yake: Mwambie shemeji treni isiachwe. Mwambie tangu niwe msichana nimekuwa nikibeba: maji, chai, kuni, watoto wa watu. Mara moja tu nataka nilale chini na kitu kinibebe mimi.

Nilijifanya pilipili imeniingia machoni. Hiyo mboga haikuwa na pilipili. Haron naye aliangalia dari.

Halafu ikanijia! Vyumba vya vitanda viwili! Chukua vitatu! Mzee na Mama chumba chao. Haron na Bathsheba chumba chao. Cha tatu, Magokoro na mjukuu! Mjukuu na nyanya hawana ensoni hata kidogo. Wao ni utani tu. Mimi tangu nizaliwe Magokoro ananiita bwana yake, na ananiambia nimechelewa kumlipia mahari.

Nilikimbia bila viatu. Mzee hakunifungulia, lakini alisikiliza kupitia mlango. Akauliza kama kila chumba kina mlango wake. Kina! Kinafungwa kutoka ndani? Kinafungwa! Akakohoa. Akasema sawa, treni.

NIMESHINDA! Asante Bathsheba. Asante chinsaga.

Jumanne, 9 Desemba

Sijashinda. Mogaka pia ni mjukuu.

Alfajiri na mapema alikuwa kwa Magokoro na sukari, sabuni na kitambaa kipya cha kichwa. Akasema basi ama treni kwake ni sawa, yeye anajali tu nyanya ahudumiwe kwa heshima. Nyoka! Mzee akasema ni haki, Magokoro achague mwenyewe mtu wa kulala naye chumba kimoja usiku mbili. Nilimpigia Maureen kukata rufaa. Amesema Mzee akishasema, amesema.

Mimi sina sukari. Lakini heshima, nitamshinda! Nimeazima tai ya Haron. Nimeandika hotuba kurasa tatu. Inaanza na "Mama yetu mtukufu".

Jumatano, 10 Desemba

Sijui niandike vipi!

Magokoro alituita wote wawili, watu wa boma wakakaa kuangalia. Alianza na Mogaka. Akamuuliza na hicho kitambi, reli haitapinda? Mogaka akainamisha kichwa: ndio nyanya, asante nyanya. Akamwambia pia anatembea kama bata amemeza jiwe. Asante nyanya.

Halafu akanigeukia. Akasema masikio yangu yamefunguka kama milango ya teksi, upepo wa treni ukiingia nitapaa. Nilikuwa nimeshika hotuba. Tai imenikaba. Lakini mdomo ulifunguka wenyewe! Nikamwambia heri mimi nina masikio, yeye meno yote yalishatangulia Dar, anayafuata tu.

Mungu wangu! Mbele ya Mzee! Nilitaka ardhi inimeze na tai yangu.

Magokoro alicheka mpaka akakohoa, Mama akakimbia kuleta maji. Akapangusa macho na kile kitambaa kipya. Akasema huyu Mogaka anamwogopa kama mkwe, sasa yeye atalala usiku mbili na mtu wa asante nyanya, asante nyanya, kama wako matangani? Bwana yangu ni huyu wa masikio, akasema. Na mahari bado namdai.

Mimi ndio naenda! Mimi!

Na Mogaka, heee. Nilijua atanipiga. Alikuja akanipa mkono. Akasema ng'ombe atakamua yeye, na chai yetu ataipeleka pamoja na yao. Akanichorea kwa karatasi mpaka wa Isebania, wapi pa kugongesha muhuri, wapi pa kununua chapati, watu gani wa kukwepa. Nimemsema vibaya huyu mtu miaka mingi. Leo namshukuru. Ni ndugu.

Ijumaa, 12 Desemba

Kila kitu tayari. Vyumba vitatu, milango mitatu. Sabato nimeangalia, tutakuwa tumefika. Afya iko. Nimekaa nje ya kibanda nikiangalia chai ikimeta baada ya mvua, nikajiuliza: Ochoki, umewashukuru watu wote? Nikaona bado Bathsheba. Yeye ndiye aliokoa treni, na mimi sijampa chochote.

Saa hiyo hiyo simu ikalia! Ni mamake Bathsheba, kutoka Ekerenyo. Amesikia habari za safari. Akauliza kwa upole kama kunaweza kupatikana nafasi ya mtu mmoja mzee ambaye hajawahi kuona treni. Nauli anayo, aliuza ndizi zake. Kama hii sio Mungu, ni nani?

Nimemwambia nafasi iko! Nimerudisha kile chumba kidogo cha Haron na Bathsheba, nikachukua kizima cha vitanda sita, wao watatu wajinyooshe kama wafalme. Haron ni mrefu, huyo chini. Mama mkwe wake ni mwembamba na anapenda dirisha, huyo nimemweka katikati, juu ya Haron.

Sijawaambia. Watajionea wenyewe Mwanza, mlango ukifunguliwa. Nimeshachaji simu. Nataka nirekodi vidio ya vile watanishukuru.