Uwanja Laini, Meno Marefu

Jumatatu, tarehe 21 Julai

Leo nimekuwa mtaalamu wa futiboli ya Kimarekani. Saa nne asubuhi sikujua lolote. Saa tano nilikuwa natoa ushauri.

Ilikuwa hivi. Pitchou, mtoto wa Mama Thérèse mwenye saluni, anachezea timu ya mtaa wetu, Malvern, hapa Johannesburg. Jumamosi ni fainali dhidi ya Rosettenville, kwenye uwanja wa klabu moja kule Kensington. Mchezo wenyewe ni wa ajabu. Mpira wake una umbo la yai, unaitwa wa miguu, lakini unashikwa kwa mikono. Wanaume wenye kofia ngumu wanagongana, wanasimama, wanajadiliana kama kamati ya harusi, wanagongana tena. Kazi ya Pitchou ni kubeba yai na kukimbia. Ana miaka ishirini na minne na magoti mazuri.

Alileta viatu vyake barazani kwa mama yake. Chini vina meno ya kufungwa kwa spana, saba kila kiatu. Akauliza afungiwe marefu au mafupi.

Barazani hapo tuko mafundi viatu wawili. Mimi, Ruphin wa Uvira. Na Herménégilde, Mrundi wa milimani, mtu asiyeongea mpaka aulizwe, na akiulizwa anasema kweli. Tabia mbaya sana kwa biashara. Alisema uwanja wa mwezi wa saba ni mkavu na mgumu, kwa hiyo meno mafupi. Mimi nikasema marefu. Kwa nini? Kwa sababu yeye kasema mafupi. Na kwa sababu chini ya kitanda changu kuna boksi zima la meno marefu, nililolichukua duka moja la Jules Street lilipokuwa linafungwa, nikiamini ni bahati.

Nikatangaza kwamba fainali haichezwi na wachezaji, inachezwa na ardhi. Wanawake waliokuwa wakisukwa waligeuza vichwa wote, wengine wakaumia. Nilijisikia vizuri.

Mama Thérèse akasema sawa. Mwezi wa nane analeta benchi la wateja, na barazani itabaki nafasi ya fundi mmoja. Atakayekuwa amesema kweli kuhusu uwanja ndiye atabaki. Mwingine akatafute kona yake barabarani.

Sijisikii vizuri tena.

Jumanne, tarehe 22 Julai

Nimekwenda Kensington kuukagua uwanja. Nilivaa viatu vyangu vya kanisani, vya ngozi ya mamba, au ya mnyama anayefahamiana na mamba. Mtaalamu haendi kazini na kandambili.

Mtunza uwanja ni Khatibu, Mtanzania wa Tanga. Namfahamu, nilimshonea soli mwezi wa tano. Aliniambia mvua ya mwisho hata haikumbuki. Nyasi ni za njano, na zinalia zikikanyagwa. Nikamwambia nina njia yangu ya kupima. Nikapiga kisigino chini kwa nguvu. Mimi nimeondoka, kisigino kimebaki.

Nimerudi Malvern nikichechemea, mguu mmoja mrefu, mmoja mfupi. Herménégilde alikipokea kiatu, akakipaka gundi, akakigongea misumari miwili, akanirudishia. Alisema kitu kimoja tu: ardhi ngumu, kaka.

Nikakivaa nikaondoka. Nilikuwa natafuta jibu.

Jumatano, tarehe 23 Julai

Asubuhi nimepeleka ombi kwenye kikundi cha maombi. Nimeomba tuombe mvua. Mchungaji akauliza ya nini mwezi huu. Nikasema ya wakulima. Kanisa letu lina walinzi, wasusi na washonaji. Mkulima ni mmoja, anapanda spinachi kwenye ndoo. Alisimama akashukuru sana kukumbukwa. Tukaomba kwa saa nzima. Nilitoka nje nikaangalia juu. Bluu, bila hata kiraka.

Nikaenda kwa Khatibu. Nikamwomba amwagilie uwanja kidogo tu, kwa afya ya nyasi. Akasema manispaa imekataza, maji ni ya shida, na kazi hii ndiyo inasomesha watoto wake watatu. Nikasema hakuna atakayejua. Akasema yeye atajua. Watu wa namna hii ni vigumu kuwasaidia.

Jumla: Mungu kakataa, Khatibu kakataa. Nimebaki mimi.

Alhamisi, tarehe 24 Julai

Asiyekubali kwa mdomo hufanyiwa kimyakimya. Methali hii nimeitunga mwenyewe, ndani ya teksi.

Nimefika uwanjani saa tisa na nusu, Khatibu akiwa kwenye sala ya alasiri. Naona aibu kuandika hili. Koki iko nyuma ya chumba cha vifaa, kubwa, nyekundu, karibu na uzio. Niliizungusha mpaka mwisho. Mashine ya kunyunyizia ikakohoa katikati ya uwanja, ikatema mdudu mmoja, ikanyamaza.

Maji yamekatika Kensington yote tangu asubuhi! Yaani nimekwenda kuiba kitu ambacho hakipo.

Nikasikia Khatibu anasafisha koo. Nilipenya kwenye uzio haraka kuliko umri wangu unavyoruhusu. Kipande cha suruali kimebaki kwenye waya, na ile ndiyo suruali yangu ya pekee yenye mstari.

Ijumaa, tarehe 25 Julai

Mama Thérèse ameamuru Herménégilde amfungie Pitchou meno mafupi, na mimi nisubiri kwa adabu. Nimesubiri kwa adabu. Hakuna mteja aliyekuja kwangu kutwa nzima. Mmoja alikuja, kumbe anauliza njia.

Nimeikagua kona ya robot, yaani taa za barabarani, ambako ningehamia. Kuna muuza soksi, muuza chaja, na mhubiri mwenye spika. Hakuna kivuli. Mbwa amelala mahali ambapo ningeweka kigoda. Niliogopa kweli. Miaka mitatu watu wamenijua kama fundi wa barazani kwa Mama Thérèse. Nikitoka pale, mimi ni mtu mwenye gundi tu.

Jioni nikiwa chumbani, koki ya jikoni, iliyokuwa kavu tangu jana jioni, ikaanza kupiga chafya yenyewe. Maji yamerudi! Wapangaji wote wakatoka na ndoo. Nikiwa na ndoo yangu mkononi, nikakumbuka koki nyekundu ya Kensington. Sikuifunga.

Mtu mwema angevaa koti akaenda kuifunga. Si mbali. Mimi nilipiga magoti nikashukuru. Maji yataingia ardhini mpaka alfajiri, uwanja utakuwa laini kama ugali wa moto, Pitchou ataanza kuteleza, Mama Thérèse atanigeukia, nami nitatoa boksi.

Nimelipangusa boksi. Nalala mapema.

Jumamosi, tarehe 26 Julai

Barafu. Hakuna aliyeniambia kuhusu barafu.

Miaka mitatu Johannesburg nimekuwa nikiamka saa tatu. Baridi ya alfajiri nimeisikia kwa walinzi tu, na nilidhani wanatafuta huruma. Kwetu Uvira maji yakimwagika yanabaki maji, hayabadili dini.

Nilipofika saa mbili, uwanja mzima ulikuwa unang'aa kama sahani. Khatibu alisimama katikati, mikono kichwani. Nilimsalimia kwa mbali sana.

Mechi ikasogezwa hadi saa tano. Kufikia hapo jua lilikuwa limeyeyusha nusu ya uwanja, upande wa jengo la klabu, na kuufanya tope. Nusu ya pili, upande wenye kivuli cha mikaratusi, ikabaki ngumu kama saruji. Nilichokuwa nakitaka nilikuwa nimekipata, ila nusu.

Pitchou na meno yake mafupi alikimbia vizuri kivulini. Akifika kwenye tope, anateleza na kukaa chini. Alikaa mara tatu. Wa Rosettenville walikuwa na meno marefu, wao wakawa wanakaa kivulini. Refa alikaa kote. Mama Thérèse kando yangu alikuwa anataja watakatifu mmoja mmoja, na katikati yao akanitaja mimi.

Herménégilde akanijia. Nilifikiri anakuja kunicheka. Akauliza kama nimebeba lile boksi. Alikuwa ameona kitu ambacho mtaalamu sikukiona: yai likiwa kwa wapinzani, Pitchou anatoka nje kupumzika. Muda huo unatosha kubadili meno kulingana na upande wanaokwenda kuchezea. Lakini fundi mmoja hawezi kufungua na kufunga yote kumi na manne kwa wakati. Akanipa spana ya pili. Kiatu cha kulia yeye, cha kushoto mimi.

Tukafanya kazi. Tope, marefu. Kivuli, mafupi. Sijawahi kufanya kazi vizuri namna ile maishani. Sikusema hata neno. Inawezekana mambo hayo mawili yana uhusiano.

Mwisho tuko nyuma pointi nne, imebaki dakika moja. Mchezo unaelekea kivulini. Herménégilde akasema mafupi. Nilimsikia. Lakini mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya boksi, na moyo wangu nao ulikuwa humo tangu Jumatatu. Nikafunga marefu. Nilipotazama kiatu cha kulia nikataka kusema, kocha akawa ameshamvuta kijana uwanjani.

Pitchou akapokea yai pale tope linapokutana na barafu. Mguu mmoja unanasa, mwingine unateleza. Akawa anakwenda upandeupande kama toroli ya supamaketi yenye gurudumu bovu. Wa Rosettenville walimngoja mahali ambapo mtu mwenye akili angepita. Yeye hakupita hapo. Akaanguka kwenye kona, yai likiwa ng'ambo ya mstari, na hiyo ni pointi sita.

Tumeshinda! Malvern yote ikaingia uwanjani, ikateleza, ikaanguka, ikashangilia ikiwa chini. Kocha akauliza kwa sauti ni nani aliyefunga viatu vile. Nikanyoosha mkono juu kabisa, na vidole nikavitanua.

Wakati huohuo msimamizi wa klabu, mama mwenye faili, alifika akiwa na Khatibu. Hakuwa amesikia swali la kocha, alikuwa na lake. Aliuliza watu wote ni nani aliacha koki wazi, maana kama hakuna, Khatibu anakabidhi funguo leo.

Mkono wangu ulikuwa bado juu.

Ningeweza kuushusha. Nilianza kuushusha. Kisha nikamwona Khatibu anaangalia chini, kwenye vile viatu nilivyomshonea soli. Nikauacha hapohapo. Ndicho kitu pekee cha heshima nilichofanya wiki hii, na nusu yake ilikuwa uchovu wa bega.

Jumapili, tarehe 27 Julai

Nimefungiwa. Nisikanyage uwanja ule mpaka nizeeke. Khatibu anabaki na funguo zake.

Kanisani mwenye spinachi alitoa ushuhuda kwamba ndoo yake imeganda, akaomba tusimwombee tena.

Baada ya ibada Mama Thérèse akaniita pembeni. Alisema tope lilikuwa la kutengeneza, kwa hiyo aliyesema kweli kuhusu uwanja ni Herménégilde, na baraza ni yake. Alisema pia mtoto wake angeweza kuvunjika mguu, na kombe haliungi mfupa. Nikaenda nyuma ya choo cha kanisa nikalia kidogo. Si kidogo.

Jioni Khatibu akabisha hodi chumbani kwangu. Akanipa kipande cha suruali, kimefuliwa, kimekunjwa. Alikikuta kwenye uzio jana alfajiri na akaujua mstari. Kumbe alipokuwa amesimama na yule mama, kilikuwa mfukoni mwake. Nikamuuliza kwa nini hakukitoa. Akasema: nilikuwa nakitoa, Mkongo, ila mkono wako ulitangulia.

Akanywa chai, akaenda.

Jumanne, tarehe 29 Julai

Saa tatu asubuhi nimefika barazani kukusanya vitu vyangu. Herménégilde akasogeza kigoda chake ukutani. Akasema yeye ni mwembamba, nafasi ya fundi mmoja inamzidi. Mama Thérèse alitutazama, kisha akajifanya anatafuta kitana. Upande wa jua Herménégilde ameniachia mimi.

Nikaapa moyoni. Basi. Kuanzia leo mimi ni fundi viatu. Uwanja ni wa wenye uwanja, na Herménégilde ni kaka yangu.

Hayo yalikuwa saa tatu.

Saa sita Pitchou amekuja na habari. Mwezi wa tisa mabingwa wa Johannesburg watacheza na mabingwa wa Pretoria, kwenye nyasi za plastiki. Haziwi na tope, wala haziwi na barafu. Chini zimemwagiwa punje nyeusi za mpira kama mchele ulioungua. Akauliza avae meno gani. Herménégilde akasema mafupi, tena mengi. Mimi nilinyamaza, kama nilivyoapa.

Nimeuliza tu, kwa faida ya elimu, zile punje zinatengenezwa na nini. Pitchou kasema ni matairi ya zamani yaliyosagwa.

Nyuma ya saluni kuna matairi manne yasiyo na mwenyewe. Punje zikiongezwa kidogo tu, zikafika kwenye kifundo cha mguu, meno mafupi yatashika nini? Boksi langu bado limejaa. Na Pretoria hakuna anayeijua suruali yangu.

Nimemwomba Herménégilde kisu chake cha kukatia soli. Amenipa palepale, wala hakuuliza ni cha nini.