Ndege wa Elfu Tatu

Jumatatu, 10 Machi

Wageni kumi wamefika! Basi limepanda mlima likilalamika, nami nimewangoja getini na shati nililolipiga pasi mara mbili. Wiki hii ndiyo yenyewe. Don Eliécer, kiongozi wetu mkuu wa miaka thelathini, amestaafu kwa sababu ya magoti, na Doña Hannia, mwenye nyumba ya wageni, ametutangazia jikoni kwamba mrithi atatajwa Jumamosi. Wagombea ni wawili. Mimi, Wilberth Chinchilla, mwenye kipaji. Na Rolando, mume wa dada yangu, mwenye bahati. Mkuu hukabidhiwa darubini kubwa ya miguu mitatu na hutembea mbele. Mimi mwaka wa kumi na tisa huu natembea nyuma, naokota kofia za watu.

Bora zaidi: yumo Bibi Margit, Mdenmaki wa miaka sabini na mmoja, tarishi mstaafu wa posta. Ameshaona aina 2,999 za ndege duniani na zote zimo kwenye daftari lake. Wa elfu tatu anamtaka awe ndege mwavuli wa msitu wetu, yule mweusi tii mwenye kishungi kilichofunika mdomo, na kifuko chekundu kifuani ambacho dume hukijaza hewa akiita majike. Doña Hannia hakuzunguka. Atakayempatia Bibi Margit ndege wake ndiye mkuu.

Nimemwahidi Bibi kwamba kufikia Alhamisi atakuwa naye. Mimi mwenyewe sijawahi kumwona ndege huyo. Rolando anadai aliwahi kuona mkia.

Jumanne, 11 Machi

Wageni wamegawanywa, watano kwangu, watano kwa Rolando. Kabla ya mgawanyo nilimnong'oneza Bibi Margit kwamba Rolando hutembea kasi, anaua watu wa umri fulani. Amenishukuru na kuja kwangu. Pigo la kwanza nimepiga mimi! Baada ya saa mbili nilikuwa namwomba apunguze mwendo. Kumbe tarishi. Miaka arobaini kwa miguu, theluji hadi magotini.

Saa nne nimewaonyesha bundi mkubwa aliyelala kwenye panda ya mti. Wamemtazama dakika kumi, kimya, kwa heshima zote. Mmoja kamchora. Kisha Bibi Margit ameuliza kwa upole kwa nini bundi anatokwa na mchwa.

Jioni, orodha. Kila siku kabla ya chakula Doña Hannia husoma majina ya ndege wote wa msitu, mmoja baada ya mwingine, na kila mtu hujibu: nimemwona, au nimemsikia. Kundi la Rolando, aina sitini na moja. Langu, arobaini na nane. Rolando amenipitishia maharage.

"Shemeji, bundi wako hajambo? Na wanawe wote elfu ishirini?"

Meza nzima imecheka. Mimi nimetabasamu tu, kwa sababu nilikuwa nimepata wazo, kijiko kikiwa bado mdomoni. Aliyesikika anahesabika sawasawa na aliyeonekana! Sihitaji ndege. Nahitaji sauti yake.

Jumatano, 12 Machi

Doña Hannia amekataza kabisa kuwachezea ndege sauti zilizorekodiwa. Ni msimu wao wa kutafutana, wanahangaika bure. Simu za waongozaji zinalala ofisini kwenye kikapu. Lakini hakutaja chupa.

Ndege mwavuli huita kwa sauti nzito ya chini, huuum, kama ng'ombe aliye bonde la pili. Chupa tupu ya guaro, pombe yetu ya miwa, ukiipuliza juu ya mdomo wake kwa mshazari, inatoa huuum ileile. Nimejifungia bafuni nikafanya mazoezi saa nzima. Mwishoni nilijisikia mwenyewe nywele zikanisimama. Kipaji!

Mchana Doña Hannia ameita fundi bomba. Wageni wa chumba cha tatu wamelalamika kwamba mabomba yanaugulia. Fundi amevunja vigae vinne. Nimemshikia tochi.

Alhamisi, 13 Machi

Siku kuu!

Saa tatu asubuhi nimewaketisha wageni wangu ukingoni mwa kijito, nikawaambia wasikohoe, nikasingizia haja ndogo. Nimejificha nyuma ya mizizi, nikapuliza. Huuum. Nikapuliza tena. Na ng'ambo ya kijito, ndani kabisa ya msitu, nikajibiwa!

Nimekaa chini kwenye tope. Miaka kumi na tisa, na sasa ananijibu mimi. Nimepuliza, kajibu. Nimesogea, naye kasogea. Nilipoita kwa majonzi, aliita kwa majonzi. Saa moja na nusu tumeongea, machozi yananitoka. Kuna wakati alikohoa, nikadhani ni ndege mzee.

Niliporudi, wageni walikuwa wamekumbatiana. Wamesikia madume mawili! Bibi Margit amefungua daftari, akaandika 3,000, akanibusu mashavu yote mawili. Nimeshaanza kutembea kama mkuu.

Jioni Doña Hannia alipofika kwenye ndege mwavuli, kundi langu lote limejibu kwa pamoja kwamba limemsikia. Na kundi la Rolando nalo likajibu limemsikia. Kijito kilekile, saa ileile, ukingo wa pili. Madume mawili, mmoja kila upande! Makofi. Nikamgeukia Rolando nimwonee huruma kidogo. Kwenye midomo yake pana alama ya duara, nyekundu, ya kitu alichokibana muda mrefu. Naye alikuwa anaitazama midomo yangu.

Tumekutana stoo ya mabuti. Kumbe naye alikuwa anamwiga ndege kwa kupuliza kipande cha bomba la maji.

"Kwa hiyo saa moja na nusu ile nilikuwa naongea na wewe?" nimemuuliza.

"Tangu nimuoe dada yako hatujawahi kuongea hivyo."

Tumekubaliana tufunge midomo. Nimeona haya, kweli, nilipokumbuka daftari la Bibi. Haya imedumu hadi wali ulipofika.

Ijumaa, 14 Machi

Balaa. Bibi Margit ameomba amsikie ndege wake mara moja tu kabla hajaondoka, na Doña Hannia amesema twende sote, naye akiwemo. Saa tatu tumeketi ukingoni, watu kumi na watatu, masikio wazi. Kimya. Rolando akanikanyaga. Nimeshika tumbo nikaomba udhuru. Baada ya dakika naye kashika tumbo. Doña Hannia amesema hatapika tena kamba kwa wafanyakazi.

Nyuma ya mizizi tukaanza kubishana nani aanze. Nimesema mimi, chupa ina sauti ya kiume. Kasema yangu ni ya ng'ombe mwenye mafua. Nimemnyang'anya bomba, kaninyang'anya chupa. Tukiwa tunavutana hivyo, juu ya vichwa vyetu: huuum.

Hakuna aliyekuwa anapuliza.

Alikuwa pale! Tawi la pili, mikono sita tu juu yetu, mweusi kama sufuria ya kuni. Kishungi kimefunguka. Kifuko kimejaa, chekundu kama pilipili, kinaning'inia na kutikisika. Uzuri ule siwezi kuuandika. Kisha nikafikiri: atakayefika kwa Bibi kwanza ndiye mkuu. Nikamtazama Rolando. Naye alishafikiri hivyohivyo.

Tumekimbia! Nimemvuta mkanda, kanivuta kola, tumeingia kijitoni pamoja, nimemkalia, kanikalia. Tumetokea kwa wageni tukipiga kelele kwa zamu kwamba nimemwona mimi. Mahali pa Bibi Margit palikuwa wazi. Alituona tukiugua wote wawili, akatufuata na kifuko chake cha dawa ya tumbo.

Tumemkuta amesimama chini ya tawi. Tawi tupu. Analia taratibu, chupa yangu mkono mmoja, bomba la Rolando mkono wa pili. Ndege alikaa dakika nane, kasema. Alimtazama dakika zote nane.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi, orodha ya mwisho, basi likingoja. Doña Hannia kasoma, ndege mwavuli. Bibi Margit kasimama.

"Nimemwona," amesema. "Wale wa Alhamisi nimewafuta."

Doña Hannia akauliza nani alimwonyesha.

"Hakuna. Waongozaji walikuwa wanapigana."

Chupa na bomba hakuvitaja. Ametuaga kwa mkono, kila mmoja na kidonge cha tumbo. Ningependa angetutukana.

Uamuzi umesomwa basi lilipokwisha kupiga kona. Mkuu ni Don Eliécer, amerudishwa. Njiani atapanda nyumbu, yule chotara wa punda na farasi. Rolando atamwongoza nyumbu, mimi nitabeba kigoda cha mzee. Kwa maneno mengine, sasa natembea nyuma ya nyumbu.

Mchana kutwa nimekuwa mnyonge. Ndege nimemngoja miaka kumi na tisa, akaja, nikamtazama kwa muda wa kufumba na kufumbua kwa sababu nilikuwa namtazama Rolando. Nimejiapiza. Basi, mipango imekwisha. Nimemwendea Rolando kwa moyo mweupe, tumeombana radhi, tumelia kidogo.

Katika kulia tumegundua kwamba nyumbu wa Don Eliécer anaogopa maji, na njia ya maporomoko inapita kwenye maji mara saba. Wiki moja tu ya njia ile, mzee atastaafu kwa hiari yake, bila mtu kuumia. Jumatatu Rolando ataipendekeza mbele ya Doña Hannia, kwa sauti, kama wazo lake mwenyewe. Amekubali mara moja. Hajui kwamba nimeshamnong'oneza Doña Hannia amchunge sana yeyote atakayeipendekeza.