Jinsi Mshonaji Alivyotangulia Mbele ya Sindano

"Hivi wewe ukiona sindano ya hospitali unazimia, huyo mtoto nani atampeleka kupimwa?"

Ndivyo alivyoniuliza jirani yangu, Mama Redio, akiwa amesimama mlangoni kwangu na bakuli la kuazima ambalo hakuwa na haja nalo. Nikamjazia bakuli unga, kwa kuwa swali lilikuwa la haki.

Basi tulieni, enyi mlioketi nanyi mliosimama, punguzeni moto wa majiko yenu, pokezaneni watoto wanaolia, mnisikilize. Maana siwasimulii majemadari waliovunja ngome, bali nawasimulia mimi mwenyewe, mjane wa fundi saa, mshonaji wa sare za shule, mwenye goti moja zima, niliyetoka nyumbani asubuhi moja nikiwa mzima na kurudi na jeraha. Jeraha lenyewe sasa halionekani. Lakini lilikuwepo, na pamba yake nimeitunza.

Mtoto ni binti wa mdogo wake marehemu mume wangu, yule aliyekwenda nchi ya mbali kutafuta kazi, akaoa huko, akafia huko, na mkewe akamfuata. Niliomba nipewe mtoto huyo nimlee awe wangu. Niliiomba serikali ya huku, nikaiomba ya kule, nikamwomba na Mungu, na Mungu ndiye aliyejibu kwanza. Akaletwa, mwenye miaka sita, nywele zimekatwa fupi, haelewi neno langu hata moja wala mimi lake. Nikamwita Binti Kimya.

Mama wa ustawi wa jamii aliyemleta aliniambia pembeni, "Kule kituoni alikokuwa, wakitaka kumtibu walikuwa wanamlaza wanamshika kwa nguvu. Tangu hapo hampi mtu mkono. Usimlazimishe, mama."

Na kweli. Tukitembea njiani alishika mkanda wa mkoba wangu. Mkono wangu aliuacha uning'inie peke yake kama mkono wa koti lililotundikwa. Nikaweka nadhiri mbele za Mungu kwamba mikononi mwangu mtoto huyu hatashikwa kwa nguvu na mtu yeyote. Nadhiri ni kitu chepesi sana ukiiweka jikoni.

Na kwa kuwa lugha hatukuwa nayo, tulikuwa na utaratibu mmoja: mimi natangulia, yeye anafuata. Nikinawa, ananawa. Nikifumba macho kuomba, anafumba, ila jicho moja linabaki kunichungulia. Na kila jambo nililimaliza kwa kusema "haya basi," maneno ambayo marehemu mume wangu alisema nitayatamka hata siku ya kiyama.

Ikawa siku ya vipimo vya afya yake ilipofika tukaingia hospitali, yeye na mkanda wake, mimi na nadhiri yangu, katika ile korido ndefu inayonuka dawa ya kusafishia sakafu, ambamo majeshi ya wanaokohoa yalikuwa yamekwisha kutwaa mabenchi yote. Adui wa kwanza alikuwa mzani.

"Mtoto apande hapa," akasema muuguzi.

Nami nikasimama wima, nikanena, "Ewe muuguzi, binti wa watu wema, mlinzi wa mzani huu, niruhusu nitangulie mimi, ili huyu mdogo aone kwa macho yake kwamba chombo hiki hakimezi watu."

"Panda basi mama, foleni ndefu."

Nikapanda. Mzani ukalia kama mlango wa stoo, na muuguzi, kwa mazoea ya kazi, akamtajia mwenzake kilo zangu kwa sauti ya kufika benchi la mwisho. Mzee mmoja akakohoa kwa heshima. Lakini Binti Kimya akapanda baada yangu bila woga, nami nikaona aibu yangu imezaa matunda. Tukapimwa urefu, wote wawili. Tukatoa ulimi, wote wawili. Tukamulikwa masikio, na langu la kushoto likasemwa vibaya. Tulipotoka msalani tulikuwa na vikombe viwili, tumevishika kwa adabu kama washindi wanaorudi na vikombe vya mpira.

"Hiki kingine cha nani?" akauliza fundi wa maabara.

"Ni cha kutangulia," nikamjibu.

Akanitazama, akakisukuma pembeni kwa kidole kimoja.

Mpaka hapo, wasikilizaji wangu, nilikuwa mshindi wa kila uwanja, na kichwa kilikuwa kimeanza kunivimba. Ndipo fundi akafungua droo, akaitoa.

Mimi nimeishi na sindano tangu usichana. Nimewachoma wanafunzi wa shule nzima viunoni nikiwapima sare, nikawaambia watulie, haiumi. Lakini sindano ya hospitali ina tundu katikati, na kitu kinachochoma huku kikinywa, mimi na chenyewe hatujawahi kuelewana.

"Atoe mkono. Kidogo tu," akasema fundi.

Nikamwonyesha Binti Kimya jinsi ya kuunyosha mkono. Kisha, kwa woga wangu wa miaka yote, nikageuza uso kuelekea ukutani na kujifunika mtandio mpaka kidevuni. Nilipochungulia, naye alikuwa amegeukia ukuta, amevuta sweta mpaka kidevuni, na mikono yote miwili imezama ndani ya sweta. Mwanafunzi alikuwa amefaulu. Mwalimu ndiye aliyekuwa hana akili.

Nikamwita, nikamwimbia, nikamnyooshea mkono tena huku nimefumba macho. Akafumba na yeye.

"Mama, ngoja nimwite mwenzangu tumshike," akasema fundi. "Ni mara moja tu, imekwisha."

"Hapana, mwanangu. Asishikwe."

"Sasa bila damu daktari atajuaje kama damu inamtosha? Atajuaje kinga alizopata huko alikotoka? Hata mkirudi kesho ni mambo haya haya. Uamue wewe."

Na mwenzake alikuwa amekwisha kusimama mlangoni, jitu la watu, uso mpole, mikono kama makasia. Binti Kimya akamwona. Mkono mmoja ulikuwa umechomoza kutoka kwenye sweta na kuushika mkanda wa mkoba wangu. Akauangalia mkono wa yule bwana, akaniangalia mimi, akauachia mkanda. Ukaning'inia.

Hapo ndipo nilipojua kwamba nikikosea sasa, huo mkanda hataushika tena.

"Nitoe mimi kwanza," nikasema.

"Wewe hujaandikiwa kipimo, mama."

"Nimeandikiwa. Daktari aliniambia nipimwe sukari tangu mvua zilizopita."

Yule jitu mlangoni akanikazia macho, halafu akacheka polepole. "Si ndiye yule wa mvua zilizopita, aliyesema anakwenda msalani mara moja anarudi?"

"Nimerudi," nikasema.

Nikaketi, nikakunja mkono wa gauni, nikaanza dua ambayo nilikusudia iwe ndefu kuliko saa za kazi za maabara ile. Nilimtaja Mungu kwa sifa zake zote ninazozijua, nikawaombea wagonjwa, wasafiri na mafundi wenye mikono mizito.

"Amina, mama," akasema fundi. "Mkono."

Macho sikufumba. Andikeni hilo juu ya milango, wachongeeni wajukuu zenu mbaoni: macho sikufumba, kwa sababu mengine mawili yalikuwa yananitazama, tena hayakuitazama sindano, yalitazama uso wangu. Ikaingia. Dunia ikaanza kuzunguka taratibu kama gurudumu la cherehani, masikio yakajaa nyuki, nami nikatabasamu, tabasamu la meno yote, la kutisha, ambalo kama lingekuwa kwenye picha ya kitambulisho ningekataa kuichukua.

"Haya basi," nikasema, ingawa sauti ilitoka kwa mtu mwingine.

Binti Kimya akapanda kiti cha pili. Akautoa mkono kutoka kwenye sweta, akauweka mezani mwenyewe. Hakuna aliyemgusa ila sindano. Akalitoa tabasamu lile lile, la meno yote, la kutisha, na chozi moja likapita katikati yake bila kulivuruga. Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha kukaa sakafuni, jambo ambalo sikulipanga, na yule jitu wa mlangoni alikuwa akinipepea kwa faili.

"Hujazimia, mama," akanifariji. "Umekaa tu."

"Kamwambie hivyo Mama Redio," nikasema.

Binti Kimya akashuka, ameibana pamba yake kwa kidole. Akauokota mkoba wangu sakafuni, akaupindisha mkanda, akanivalisha mimi begani. Kisha akauchukua mkono wangu, ule uliokuwa ukining'inia siku zote, akauvuta mpaka nikasimama.

"Haya basi," akasema.

Akatoka nami mlangoni.