Tumbawe Kali

Jumatatu, 4 Machi
Shangazi katangaza leo: anafungua saluni ya pili, na hii anamwachia mmoja wetu. Mimi au Kipara. Atakayewafanya wateja wasichoke kusubiri ndiye atakayekabidhiwa funguo Jumamosi. Shindano liko wapi hapo? Mimi ni mtoto wa kaka yake. Kipara ni kinyozi asiye na hata unywele mmoja! Kaleta magazeti na mito ya benchi. Maskini. Mimi nitaleta bahari.

Jumanne, 5 Machi
Tangi limefika. Maji ya chumvi, samaki wanne wa njano. Muuza samaki wa mapambo alikuwa na tumbawe moja kalitenga kwenye ndoo, rangi ya haradali, ncha nyeupe. Nikamuuliza, lile je? Akasema, "Hilo kali, kaka. Kali kweli kweli." Nikamwambia kama ni kali hivyo, nifungie hilo hilo! Akanipa na glavu za bure. Za nini? Nikamwachia.

Saa kumi nikalipanga kwa mkono mtupu. Mamaaa! Kama nimeshika pasi ya moto! Wateja watatu wananitazama, Kipara wa nne. Nikajikaza kisabuni, nikatabasamu, nikasema maji ni baridi. Kisha mbio bombani, nikausugua mkono kwa taulo. Moto ukazidi maradufu.

Jumatano, 6 Machi
Mkono wa kulia umevimba. Mabaka mekundu mpaka kifundoni, unawasha ajabu. Dada yangu muuguzi kacheka kwanza, ndipo akatibu. Anasema hilo si tumbawe halisi, ni mnyama anayefanana nalo, ana vijisindano vya sumu visivyoonekana kwa macho. Maji ya bomba huvifyatua vilivyobaki, na kusugua ndiyo kabisa. Suuza kwa maji ya chumvi, mwagia siki, toa vipande kwa kibano. Kuwasha kutaendelea siku kadhaa. Akauliza muuzaji hakunionya? Nikamwambia hata kidogo, alikuwa anasifia tu bidhaa yake.

Mchana nikamnyoa mwalimu kwa mkono wa kushoto. Katoka na sharafa upande mmoja.

Alhamisi, 7 Machi
Wateja wamejaa! Hata walionyolewa hawaondoki, macho kwenye tangi. Shangazi kasifu. Roho yangu kwatu! Tatizo ni Kipara: ananyoa watu wawili mimi nikinyoa nusu mtu. Nimepata wazo. Kesho nitamwomba asafishe tangi. Akiungua mkono, tutakuwa sare. Simtakii mabaya, nataka usawa tu.

Ijumaa, 8 Machi
Nikamwambia Kipara, kwa upole kabisa, anisaidie kulifuta lile tumbawe. Akasema hewala. Akatoa glavu! Ndefu, mpaka kiwikoni! Kumbe Jumanne aliponiona natabasamu huku machozi yananitoka, alikwenda kumuuliza muuza samaki. Akapewa glavu zangu zile zile.

Akaenda nyuma kuchukua ndoo. Shangazi akaingia. Akauliza hicho cha rangi ya haradali ni nini, kizuri hivyo. Akavua bangili. Nilipaswa kusema. Lakini ningesema ni hatari, angeuliza kwa nini nimemtuma Kipara. Nilikuwa bado natunga jibu mkono wake ulipozama.

Ukelele ule! Niliona aibu, kweli. Huyu ndiye aliyenifundisha kushika mkasi. Nikamvuta kumkimbiza bombani. Ndiyo, najua! Dada alisema! Kipara akatuzuia mlangoni, akachota maji ya chumvi ya tangi, akamwagia, kisha siki. Siki aliinunua tangu Jumatano.

Jumamosi, 9 Machi
Funguo kapewa Kipara. Shangazi, bendeji mkononi, kasema nabaki kazini kwa sababu hataki baba amsumbue kwa simu. Tumbawe lirudi kwa mwenyewe Jumatatu. Kipara kaniachia kiti cha dirishani bila kuombwa, ili nipate mwanga mkono ukipona. Anafanya makusudi kunikata maini!

Jumatatu, 11 Machi
Nimelirudisha. Sasa nimeerevuka: sishiki tena tumbawe lolote. Muuza samaki akanionyesha samaki mmoja, mistari myekundu na myeupe, miiba imetanda kama manyoya. Akasema huyu ni mkali kuliko lile tumbawe. Akarudia mara tatu, mkali, mkali, mkali.

Nikamwambia anifungie wawili. Kipara ataona!

Glavu nikamwachia.