Anwani Tano, Kufuli Moja

Jumatatu, 3 Machi
Nimeaibishwa. Ofisa ununuzi wa hosteli ya wauguzi kapiga simu. Anataka vitanda 140, ila kila akifungua tovuti yangu anaonywa kuwa si salama. Atajaribu tena Alhamisi. Akishindwa, anahamia kwa Msumari, seremala jirani. Msumari! Mtu ambaye droo zake hufungwa kwa goti.
Shemeji, fundi wa kompyuta, anasema ni kazi ya saa mbili: cheti cha usalama kwa anwani kuu ya tovuti na zile ndogo nne (vitanda, viti, meza, makabati), kisha anayeingia kwa njia ya zamani apelekwe kwenye ile yenye alama ya kufuli, ishara kwamba ni salama. Nimemwambia useremala nilijifunza kwa kuchungulia dirishani. Hili nalo nitaliweza.

Jumanne, 4 Machi
Kufuli limetokea! Anwani kuu tu. Moja kati ya tano, asilimia ishirini. Mke wangu kauliza themanini ziko wapi.
Hila: anwani ndogo zote nimeziamuru zimpeleke mteja kwenye kuu.

Jumatano, 5 Machi
Nilisahau. Mwaka jana niliiamuru ile kuu impeleke kila mgeni kwenye vitanda, maana ndivyo vinavyouzika. Sasa vitanda vinamrudisha kuu, kuu inamrudisha vitanda. Mara ishirini, kisha simu ikakata tamaa. Shemeji kacheka mpaka kakaa chini. Nimesema ni majaribio.

Alhamisi, 6 Machi
Ofisa kaja mwenyewe! Kazungushwa na tovuti mpaka akaona heri aulizie njia. Kampita Msumari mlangoni. Kajilaza kwenye kitanda, kageuka mara tatu, hakikulia.
"Fundi, mimi nimekiamini," kasema. "Lakini wakubwa zangu hawatakuja kulala hapa. Wataangalia tovuti kesho saa nne. Bila kufuli, sisaini."
Nimemwita shemeji kwa heshima zote. Kaweka cheti kimoja cha anwani zote, kafuta amri yangu ya vitanda. Dakika arobaini. Kwa hiyo zile saa mbili zilikuwa uongo.

Ijumaa, 7 Machi
Saa nne na dakika sita: kasaini. Vitanda 140! Shemeji kaomba jambo moja tu, nisiguse kitu. Nimemwahidi.
Mchana nimegundua Msumari kafungua tovuti yake. Anwani ndogo sita. Mimi nne!
Sasa ninazo saba. Za mwisho ni stuli, rafu na vitanda vya watoto. Zote zinampeleka mgeni kwenye kuu, na kuu nimeiamuru impeleke kwenye stuli, maana ni mpya.
Nimeifungua kujaribu. Inazunguka, inazunguka. Bila shaka wageni ni wengi.